Mama Ustawi: Maisha ya Felista Celestin, Ofisa wa Uangalizi, 1957–1999

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Mwalimu Evodi Celestin, nyumbani kwa marehemu, Majengo, Mpanda, Jumamosi tarehe 14 Agosti 1999.

Marehemu Felista Celestin alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 katika kijiji cha Usevya, hapa hapa wilayani Mpanda. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa marehemu Mzee Celestin Rafaeli, aliyekuwa mrina asali, na Mama Mariana, ambaye tunaye hapa mbele yetu. Alibatizwa mwezi huo huo wa Machi.

Alipokuwa na miaka kumi na miwili, chungu cha maji kilivunjika nyumbani, na dada yetu Christina akasingiziwa. Felista alitukalisha chini wote wawili, Christina na mimi, akamwomba kila mmoja aeleze, kisha akatuuliza maswali polepole, bila kupaza sauti. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Nilikiri kabla hajamaliza swali la tatu. Halafu akaenda kwa Mama kuniombea nisichapwe.

Alisoma Shule ya Msingi Usevya kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana Tabora, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1975. Baada ya mwaka mmoja wa Jeshi la Kujenga Taifa alisomea kazi za ustawi wa jamii Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1979. Alifanya kazi Sumbawanga kwa miaka sita. Tarehe 9 Juni 1986 alishuka kwenye treni hapa Mpanda akiwa na sanduku la bati na barua ya uhamisho.

Karani wa stesheni siku hiyo alikuwa Bwana Japhet. Felista alimuuliza ofisi ya ustawi iko wapi.

"Ofisi haipo, dada," alisema Japhet. "Ipo meza, kwenye korido."

"Basi nionyeshe hiyo meza."

Japhet alilibeba sanduku mwenyewe hadi kwenye meza. Walifunga ndoa takatifu tarehe 24 Septemba 1988, wakajaliwa watoto wawili, Rahel na Enoka. Ndoa yao ilikuwa ya utani mwingi. Shemeji alipenda kuwaambia wageni kwamba mkewe alikuja Mpanda kutafuta meza, akampata yeye kama nyongeza.

Ndugu zangu, nimeombwa nisiseme sana mambo ya kazi, kwa sababu hapa ni msibani na wakubwa wa kazi wapo. Nimejaribu kuandika wasifu huu bila kazi, nikapata nusu ukurasa. Naomba mnisamehe.

Kazi ya dada yetu wengi hawakuielewa. Mtu akipatikana na hatia, mahakama inaweza kuamua asiende jela. Anarudi nyumbani kwake kwa masharti, na ofisa wa uangalizi anamfuatilia kwa mwaka mmoja, miwili au hata mitatu: anaishi wapi, anafanya nini, anajirekebisha au hajirekebishi. Felista alikuwa ofisa huyo peke yake. Wilaya hii inaanzia Ziwa Tanganyika na kuishia karibu na Tabora. Alikuwa na watu wazima waliopigana vilabuni, akina mama waliokamatwa na pombe ya gongo, na vijana walioiba kuku au baiskeli. Usafiri wake ulikuwa baiskeli ya kiume aina ya Phoenix. Aliiendesha na tawi la majani mkononi, akijipiga mgongoni kufukuza mbung'o. Aliandika barua ya kuomba msaidizi mara sita. Nakala zote sita ninazo nyumbani.

Kesi moja lazima niiseme, kwa sababu ilimbadilisha.

Mwezi Mei 1994, huko Kasekese, ng'ombe wa Mzee Ezekia, mfugaji aliyehamia kutoka Bariadi, waliingia kwenye mpunga wa mkulima mmoja aitwaye Sylvanus. Mchungaji alikuwa mtoto wa mzee huyo, Maduhu. Sylvanus alitoka na panga, kijana akamwahi kwa fimbo, akamvunja mkono. Hati ya mashtaka iliandikwa kwamba mshtakiwa ana miaka kumi na minane. Mama yake, Kabula, alisema kumi na mitano, lakini hakuwa na karatasi yoyote.

Hakimu aliomba taarifa ya ustawi kabla ya kutoa adhabu. Felista alikwenda Kasekese, safari ya siku nzima kwa baiskeli, akalala kwa katekista. Kwanza alimwona Sylvanus, ambaye mkono wake ulikuwa bado umefungwa vipande vya mbao.

"Unataka afungwe?" alimuuliza.

"Nilikuwa nataka," Sylvanus alijibu. "Lakini akifungwa, mkono wangu unapona? Mvua zikija nani atanilimia?"

Hapo dada alipata wazo lake. Agosti mwaka ule mahakama iliamuru kijana awe chini ya uangalizi kwa miaka miwili, aishi Kasekese kwa mama yake, na kila Jumamosi afanye kazi shambani kwa Sylvanus. Alilima, akapanda, akapalilia, akafukuza ndege. Mwezi Februari Felista aliwakuta wawili hao wakila ugali sahani moja. Alirudi Majengo akacheka siku nzima. Alituambia, "Nyie, hii kazi inawezekana!"

Juni 1995 malisho yalikauka, na Mzee Ezekia akaamua kuhamishia mifugo bonde la Rukwa. Alitaka Maduhu aende nayo. Felista alimfuata.

"Baba Maduhu, akiondoka bila ruhusa ya mahakama amevunja amri. Nipe wiki mbili nipeleke ombi abadilishiwe masharti."

"Mama Ustawi, wiki mbili ng'ombe watakula nini? Karatasi?"

"Wapeleke wewe. Mtoto abaki."

"Mimi na mguu huu mbovu?"

Felista alipeleka ombi lake mahakamani. Aliambiwa hakimu yuko likizo. Alirudi baada ya wiki, akaambiwa jalada halionekani. Siku ya kumi na mbili Mzee Ezekia alichoka kusubiri, na kijana akaondoka na ng'ombe.

Sheria ilimtaka ofisa aandike taarifa mtu akihama, na Felista aliandika. Aliandika ukweli wote: kwamba kijana alitumwa na baba yake, kwamba ombi lilikuwa limeshapelekwa, kwamba kwa miezi kumi hakukosa Jumamosi hata moja. Aliamini hakimu atasoma yote. Maduhu alikamatwa mnadani, akaletwa mbele ya hakimu mgeni ambaye alisoma mstari mmoja tu, ule wa kuhama. Sylvanus aliyevunjwa mkono alisimama mahakamani kumtetea aliyemvunja, akaambiwa akae. Kijana alipewa miezi kumi na minane, akapelekwa gerezani pamoja na watu wazima.

Kabula alikumbuka kwamba kadi ya kliniki ya mwanawe ilibaki kwa bibi yake, Bariadi. Septemba ile Felista alichukua likizo yake ya mwaka. Enoka alikuwa na miaka mitatu, akaachiwa Shemeji. Dada alipanda treni hadi Tabora, akaunganisha hadi Shinyanga, kisha mabasi hadi Bariadi, akaulizia nyumba kwa nyumba hadi akampata yule bibi. Kadi ilikuwa imekunjwa ndani ya kopo la kahawa. Maduhu alizaliwa tarehe 2 Februari 1979. Alipofanya kosa alikuwa na miaka kumi na mitano, na hata siku alipoingia gerezani alikuwa bado hajafika kumi na saba.

Felista alirudi na kadi ile kama mtu aliyebeba yai. Aliambiwa muda wa rufaa umepita. Aliomba kuongezewa muda, karatasi zikapelekwa juu, zikarudishwa kwa kukosa muhuri, zikapelekwa tena. Jibu kwamba ombi limekubaliwa lilifika Agosti 1996. Maduhu alikuwa amepunguziwa theluthi ya kifungo kwa tabia njema, ameshakimaliza na kutoka wiki tatu nyuma.

Siku alipotoka alikuja moja kwa moja kwenye ile meza ya koridoni. Nilikuwepo, nimempelekea dada chakula. Kijana hakukaa.

"Mama, wewe ndiye uliyeniandika?"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Na ulikuwa unakula kwetu."

"Nilikuwa nakula kwenu."

Alimwangalia kidogo, akageuka, akaondoka. Mimi nilipandwa na hasira. Nilimwambia dada, "Kwa nini hukumwambia ulikwenda Bariadi? Kwa nini hukumwonyesha ile kadi?"

Alijibu, "Evodi, hilo lingemsaidia nini yeye? Lingenisaidia mimi."

Hatujui Maduhu yuko wapi leo. Dada aliuliza habari zake kwa kila mfugaji aliyetoka bonde la Rukwa, hakupata.

Baada ya hapo alibadilisha utaratibu wake. Kijana yeyote aliyefikishwa mahakamani, Felista alitafuta ushahidi wa umri kabla kesi haijasikilizwa: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, daftari la shule. Aliufuata hadi Kabungu, Karema na Inyonga, akaupeleka mahakamani kwa mkono wake na kusimama pale hadi umeingizwa kwenye jalada. Makarani walimwona msumbufu, na mmoja alimwambia hivyo usoni. Lakini tangu mwaka 1996 hadi mauti yanamkuta, vijana kumi na mmoja waliopita mikononi mwake waliandikiwa umri wao wa kweli, na hakuna hata mmoja wao aliyefungwa na watu wazima. Hilo halijaandikwa mahali popote. Ndiyo maana naliandika hapa.

Wakati wa mvua kubwa za mwaka 1998, barabara zilipokatika, alianza kuishiwa pumzi na kuvimba miguu. Daktari alimwambia moyo umepanuka, akamkataza baiskeli. Barua ya sita ya kuomba msaidizi ndiyo aliyoiandika wakati huo. Aliendelea kwenda kwa miguu pale alipoweza, na pale aliposhindwa Shemeji alimbeba nyuma ya baiskeli ile ile, baada ya zamu yake ya stesheni. Tuligombana na dada sana. Mimi nilimwambia serikali haitamkumbuka. Alisema yeye hafanyi kazi ili akumbukwe, anafanya kazi kwa sababu tarehe imefika na mtu anamsubiri. Nilikasirika siku hiyo, na sijui kama hasira yangu imeisha.

Alilazwa tarehe 29 Julai mwaka huu. Wauguzi walimhudumia kwa upendo, na familia inawashukuru. Alhamisi tarehe 12 Agosti, saa nne asubuhi, aliomba uji, akanywa vijiko viwili, akamwambia Shemeji amkumbushe Rahel kumaliza hesabu zake. Muda mfupi baadaye alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Marehemu ameacha mume, Bwana Japhet. Watoto wawili, Rahel wa miaka kumi na Enoka wa miaka saba. Mama mzazi, Mama Mariana. Na wadogo zake, Christina na mimi.

Ameacha pia watu kumi na tisa waliokuwa chini ya uangalizi wake. Wengi wao naona mko hapa, na ninyi ndio mliochimba kaburi tangu asubuhi. Mnatakiwa kuripoti Jumatatu. Jana niliuliza mnaripoti kwa nani, na sikupata jibu. Basi njooni hapa nyumbani. Daftari lake ninalo, na nitaandika kwamba mlifika.

Mungu ampe dada yetu Felista lile pumziko ambalo sisi hatukumpa. Amina.