Waliombeba Mbunge

Ndani ya Noah ya abiria iliyotoka Lupiro, Luqman, muuza vitenge wa Ifakara, alimwambia mama aliyeketi kando yake kwamba mbunge wetu wa zamani alishafariki.

"Hajafa," mama alijibu. "Mimi ndiye mke wake. Asubuhi nimemnywesha uji."

Luqman alimgeukia. "Mama, siku ya ushindi nilimbeba mabegani!"

Hata mimi ninayesimulia nimekutana na wengi waliombeba. Lazima alikuwa mzito sana.

"Basi njoo umwone, mwanangu. Kila jioni ananiuliza nani amekuja kumtazama, nami namdanganya kwamba walikuja akiwa amelala."

"Nitakuja, mama, Inshallah."

Gari liliposimama kituo cha Viwanja Sitini, Luqman aliaga kwa heshima, akashuka. Hakuuliza siku hizi wanaishi wapi.