Ore Maana Yake Dhahabu

DENISE: Haloo? Mjomba Albert?

ALBERT: Nani mwenzangu? Sauti inakatika—

DENISE: Denise. Niko Aston, kwa mama. Yambo, mjomba.

ALBERT: Yambo, mwanangu. Dada yangu anaendeleaje?

DENISE: Amekula. Mjomba... Ore ni nani?

(Mlango unafungwa upande wa Albert.)

DENISE: Unanisikia?

ALBERT: Huku Acocks Green, upande huu wa jiji, network ni mbaya.

DENISE: Tangu akili ianze kumpotea, anaita, "Ore, ingia ndani, mvua!" Anatazama mlangoni. Nikitazama, hakuna mtu.

ALBERT: Wazee huota macho wazi—

DENISE: Jana nikibadilisha shuka, nilipata sarafu ndani ya foronya yake. Ina tundu katikati. Imeandikwa øre.

ALBERT: (anakohoa) Umemwonyesha nani?

DENISE: Jaspreet, jirani yetu sonara. Anasema ni pesa ya zamani ya Norwe. Jina limetoka Kilatini, aureus, kitu cha dhahabu.

ALBERT: Or.

DENISE: Eeh, kama or ya Kifaransa. Lakini hii si dhahabu, ni nikeli tu! Mama anaificha ya nini?

ALBERT: Denise, umekaa? Kaa.

DENISE: Nimekaa.

ALBERT: Kule kwetu, kwenye misheni, kulikuwa na nesi wa Norwe. Ndiye aliyemzalisha mama yako mtoto wa kwanza. Alimfunga mtoto sarafu hiyo shingoni kwa kamba, akasema, huyu ni dhahabu. Tukamwita Ore.

DENISE: Wa kwanza ni mimi!

ALBERT: Wewe ni wa pili, mwanangu.

(Mkwaruzo kwenye laini.)

DENISE: Yuko wapi?

ALBERT: Tulipokimbia vita, tulivuka mto umefurika. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama. Maji yakamzoa Ore. Mama akamdaka kwa ile kamba ya shingoni—

DENISE: Basi, mjomba.

ALBERT: Kamba ikakatika. Mkononi ikabaki sarafu tu.

(Sarafu inagonga meza upande wa Denise.)

ALBERT: Alitukataza kabisa kulitaja jina hilo mbele yako.

DENISE: Leo asubuhi ameniita Ore. Nimechoka kubisha... nikaitika. Nikasema, "Nimeingia, mama."

ALBERT: Umeitika?

DENISE: Akanipapasa kichwa, pole pole. Akasema, "Nywele zimekauka."

ALBERT: Mungu wangu. Nakuja. Nachukua basi sasa hivi.

DENISE: Ngoja, ameamka. Ananishika mkono... Ndiyo, mama?... Mjomba!

ALBERT: Anasema nini?

DENISE: Ananiuliza, "Na Denise, yeye alivuka?"

ALBERT: Mwambie alivuka! Haloo? Denise, mwambie ali—

(Laini imekatika.)