Nilifuta Ramani za Wodi ya Wazazi

Tumsifu Yesu Kristo. Kaeni tu. Mimi nitasimama hapa hapa kwenye benchi la nyuma, maana ndiko mlikonisogeza mwaka juzi, na nimepazoea.

Kwa msionijua, mimi ndiye niliyekuwa nikichora ramani kwa kompyuta katika ofisi ya ujenzi hapa Ifakara. Msingi wa wodi ya wazazi ulikuwa umeshajengwa, na wafadhili walitaka picha ya jengo zima, na kuta zake na paa lake, kabla hawajaruhusu kazi kuendelea. Ndugu zangu, picha moja ya namna hiyo kompyuta yetu iliikokotoa siku mbili. Na ikikokotoa, ilijiandikia faili za muda, za kutupwa picha ikiisha, nyingi mno, mpaka diski ikajaa na kazi ikasimama katikati. Mara tatu ilisimama. Mkuu wangu akasema wageni wanafika Ijumaa kwa treni, na bila picha nisirudi Jumamosi.

Nikaamua kufuta. Sikuwa nimeandika popote kipi cha kutupa na kipi cha kutunza. Nilidhani nimo kwenye folda ya faili za muda, kumbe nimo kwenye folda ya ramani. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Nikaanzisha picha upya, ikaandika faili zake mpya juu ya zile nilizofuta, ndipo ikatafuta ramani isizione. Mtaalamu aliyeitwa kutoka Morogoro alisema hakuna cha kuokoa.

Nilifukuzwa mbele ya wafanyakazi wote. Hilo nilistahili. Lakini kwa kuwa kwetu ni wafugaji, humu ndani kuna aliyesema, "Ng'ombe wao wanakula mpunga wetu, sasa binti yao amekula ramani." Simtaji. Ananisikia. Na ninyi wengine mlicheka, kisha mkaacha kuitikia salamu zangu sokoni.

Nikarudi nyumbani kwa baba, kule Katindiuka, nikaacha kusali. Nawaambia ukweli: kila nilipopita pale na kuona majani yameota juu ya msingi, nilifurahi. Nilisema moyoni, wazae porini.

Kisha wifi yangu akashikwa uchungu. Tulimfikisha hospitali kwa gari la ng'ombe, wodi ya zamani imejaa, akajifungulia sakafuni kwenye korido, watu wakimruka. Mimi nilishika khanga kumkinga. Siku ile furaha yangu ilinitoka, nikaona aibu.

Kesho yake nikamfuata msimamizi wa mafundi, mmoja wa walionisema vibaya sana. Nilimpa shikamoo, akaitikia akitazama pembeni. Nikamwomba karatasi za ramani alizokuwa akizitumia kazini.

Akasema, "Mimi sikupendi. Lakini wodi haijanikosea."

Akanipa. Zilikuwa zimegandwa na saruji, nusu hazipo. Wiki tatu tulipima msingi kwa futi kamba, yeye akitaja vipimo, mimi nikiandika. Neno jingine hatukuzungumza.

Nikazipeleka kwa mkuu. Hakunipa kiti. Nilimwambia nitachora upya bila mshahara. Alikubali, ila karani akae nyuma yangu anichunge, na karani mwenyewe alinichukia waziwazi. Safari hii faili za muda zilikaa folda yao peke yake, na kila jina nililiandika daftarini. Ramani nilizinakili kwenye disketi kila jioni, zikafungiwa kabatini chumba kingine. Kabla ya kuanza picha mpya nilifuta mabaki ya picha iliyotangulia, karani akisoma jina, mimi nikifuta, moja baada ya moja. Diski haikujaa tena. Picha ilikamilika. Hakuna aliyepiga makofi, lakini kuta leo zimefika usawa wa madirisha.

Namshukuru msimamizi kwa zile karatasi. Namshukuru wifi, ambaye hakuwahi kuniuliza kwa nini nilifuta. Namshukuru na karani, ingawa hatusalimiani vizuri mpaka sasa. Yule wa ng'ombe na mpunga sijamsamehe bado, ninajaribu, msinisukume.

Na kwa vijana mnaojifunza kompyuta: kabla hujafuta kitu, soma jina lake kwa sauti mbele ya mtu asiyekupenda. Huyo hatakuacha ukosee.