Kibuyu Kilichorudi Roret

Kiplimo alifumba macho ndani ya basi, ila masikio aliyaacha kazini. Mbele yake wanawake wawili walikuwa wakitoka maonyesho ya kimataifa ya kazi za mikono. Chepkurui alipakata kibuyu. Jirani yake, Mongina, aliuza vikapu vyake vyote, na kwa hiyo alikuwa na mashauri tele.

"Mgeni ashanunua, mama, halafu unamrudishia pesa, unamnyang'anya?"

"Nilimpea ikiwa na mursik ndani. Kwetu hatupeani kibuyu tupu. Akamwaga maziwa kwa nyasi, nikiona! Halafu ananiuliza hii harufu ya moshi inaondolewa na sabuni gani."

"Si alinunua kibuyu? Hakununua maziwa."

"Mama yangu aliisugua na mkaa mpaka akafa. Leo iende kuoshwa na sabuni?"

"Ingekuwa Ulaya saa hii, imewekwa ukutani, watu wakiisifu."

Kiplimo aliona wote wawili wana haki, jambo rahisi kwa mtu asiye na kibuyu wala kikapu.

Basi likasimama Roret. Chepkurui akashuka, kibuyu kifuani.

"Sasa utaifanyia nini?" Mongina akamwuliza dirishani.

"Ng'ombe inaningoja," akasema, na kushika njia.