Hezekia Mlahagwa, Aliyekataa Kuchora Nukta Asiyoiona

Bwana mchungaji na ndugu waombolezaji, ndugu yetu Hezekia Yeremia Mlahagwa alizaliwa hapa Malolo tarehe 14 Machi 1919, mtoto wa kwanza wa mzee Yeremia na mama Lea. Mimi Magreti ninayesoma ni mdogo wake.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1929 hadi darasa la sita. Darasa la sita hilo wapo waliolicheka. Nitafika huko.

Mwaka 1946 aliajiriwa kuosha vioo katika kituo cha utafiti wa mimea wilayani Kilosa. Kwa subira yake akafundishwa kukata mizizi ya vitunguu vipande vyembamba sana, kuvitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Alitueleza hivi: chembe ikitaka kugawanyika, hutandaza nyuzi za kuvuta vilivyomo ndani, nusu huku, nusu huku. Kwenye mnyama, na hata kwenye ukungu unaoota juu ya mkate, nyuzi huanzia kwenye nukta kila upande, kama kamba ya mbuzi kwenye kigingi. Kwenye kitunguu kigingi hakuna, na bado nyuzi hujipanga sawasawa.

Alifunga ndoa na Ida tarehe 7 Agosti 1948. Nyumba yao ilijaa vitunguu vilivyooteshwa juu ya vikombe. Siku moja mchungaji alikaribishwa chai, akakuta mizizi kikombeni. Marehemu akamwambia, "Chukua kingine, mchungaji. Kitunguu hicho hakijamaliza kugawanyika."

Mwaka 1968 mkubwa wa kituo, Bwana Nikolaus, mwenye shahada ya ng'ambo, alitaka mchoro wa chembe ya kitunguu inayogawanyika kwa maonyesho ya Sabasaba.

"Tia nukta kwenye ncha zote mbili. Kitabu kinazo."

"Kitabu kimechora chembe ya mnyama, bwana. Hiki ni kitunguu."

"Wewe, darasa la sita, unanibishia mimi?"

"Sikubishii. Tazama mwenyewe."

Hakutazama. Kuinama kungekunja suti. Mungu anisamehe, lakini bwana yule aliyetuhubiria Ujamaa kila Jumatatu hakuweza kuamini kwamba kitu kinaweza kujipanga bila mkubwa kukaa kwenye ncha. Marehemu alisema hatashuhudia uongo, hata wa kitunguu. Wiki ileile akahamishiwa Mikumi kulinda ghala la pamba, na huko akakaa miaka saba.

Mwaka 1974 kilifika kitabu kipya, na kitunguu chake hakikuwa na nukta. Bwana Nikolaus akamfuata hadi mlangoni pa ghala. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akamwamkia.

"Shikamoo, mzee. Unakumbuka tulivyoona pamoja?"

"Marahaba. Mimi niliona. Wewe ulikuwa unasoma."

Kifua kilimwanza Juni 1975. Ida alimuuguza nyumbani hadi Jumatatu tarehe 9 Februari 1976, alfajiri, alipotutoka huku tukimwimbia.

Juzi Bwana Nikolaus alituma mtu, akiomba jina lake yeye liandikwe pia chini ya mchoro wa marehemu tuliouchapa nyuma ya karatasi hii. Familia imemjibu kwa heshima kwamba chini ya mchoro huandikwa jina la aliyetazama. Akifika leo atapewa kiti na chakula kama mgeni yeyote.

Marehemu ameacha mjane, Ida, watoto wawili, Samweli na Regina, wajukuu watano, na mimi. Mkiutazama mchoro mtaona ncha za nyuzi zake ni tupu. Tafadhali, mwenye kalamu asiongeze kitu.

Apumzike kwa amani mbele za Yule anayepanga vyote bila kuonekana.