Lenzi Moja kwa Anayeanza

Habari hii aliisimulia kwanza fundi aliyekuwa akisafisha filamu zetu pale gazetini, mwaka ule chumba chake cha giza kilipofungwa, nami nawaachieni kama alivyoniachia, bila kutia chumvi. Sogeeni, wanangu. Nigeuzeni, ubavu huu unauma. Na baba yenu mkubwa anayetembeatembea ukumbini mwambieni akae, ananiweka roho juu.

Wewe kitindamimba, gazeti limekuchukua mwandishi, sasa wanataka na picha upige mwenyewe, na Jumatatu unajaribiwa. Kaka yako anasema upokee mkoba alioleta baba yenu mkubwa, kamera mbili na lenzi ndefu kama mkono. Wewe unataka kamera ndogo ya lenzi moja. Na tangu jana mnazozana juu ya kichwa changu kana kwamba nimeshazikwa.

Zamani, siku ghala la mizigo lilipoporomoka, baba yenu mkubwa, mpiga picha wa gazeti, alifika wa kwanza, mabega yote yamejaa mikoba ya kamera. Mama yenu, mwandishi mpya, alikuwa na kamera ya kuazima na kalamu sikioni. Kaka yangu akamcheka: "Shemeji, hicho ni kifaa au kibiriti?" Naye akamjibu, "Kibiriti ndicho huwasha jiko, shemeji." Basi kaka akainama mavumbini kubadilisha lenzi, vumbi likaingia, akafuta, likaingia tena, alipoinua kichwa, mpakuzi mmoja wa mizigo aliyefukiwa ameshatolewa hai, mkewe ameshamkumbatia, na mama yenu ameshapiga picha na anawauliza majina. Fundi alisafisha filamu zote mbili: moja ina mume na mke, nyingine migongo ya watu. Kaka hakukanyaga kwetu tena mpaka msiba wa mama yenu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini damu haichujwi, wanangu.

Kwa hiyo chukua ndogo. Usiinunue kwa sifa za muuzaji. Ijaribu kwenye chumba chenye mwanga hafifu kama hiki, na ikishindwa kuona sura ya mtu, iache dukani. Ishike kwa mkono mmoja, maana wa pili ni wa kalamu, na picha isiyo na jina la mtu haichapwi. Betri ya akiba, kadi ya akiba, basi. Kuna siku polisi watafunga kamba, utasimama mbali, na lenzi ndefu utaitafuta kwa machozi. Kwa hiyo mkoba ule usirudishwe kwa dharau, kaka yako autunze mpaka wewe dada yake ukomae kazini. Nyumba ni yenu wote. Chumba cha mbele kiwe cha kitindamimba, cha kufanyia kazi. Msi... msibishane.

Maji kidogo. Hapo, inatosha.

Mungu akupe jicho lenye haya na miguu myepesi. Wote awape kusikilizana.

Fundi hayupo. Mama yenu hayupo. Mpakuzi alifariki, mkewe yu hai. Kaka yangu yu hai... asiambiwe na mtu mwingine kwamba umechagua ndogo. Nenda kamwambie wewe, mwanangu, sasa hivi, ningali nasikia.