Meza Iliyo Langoni

Tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi wa kliniki ya kisukari atakabidhi ufunguo wa chumba namba nne na kustaafu, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na minne na miezi mitano. Kwa muda huo wote alikosa zamu bila kuaga mara moja tu, siku aliyojifungua kitinda mimba wake. Hata siku hiyo alituma mtu aje kueleza ulipo ufunguo wa kabati la insulini.

Hapa kazini anaitwa Mama Dakika. Jina hilo alilipata katika mwaka wake wa kwanza. Wenzake walizoea kuhesabu pumzi za mgonjwa kwa sekunde kumi na tano, kisha wakazidisha mara nne. Yeye alikataa. Alisimama mbele ya saa ya ukutani, mkono mmoja begani mwa mgonjwa, akahesabu dakika nzima huku foleni ikinung'unika nje. Alipoambiwa kwamba anachelewesha watu, alijibu, "Mgonjwa hapumui kwa makadirio."

Wagonjwa walimpenda na kumwogopa kwa kiasi kilekile. Kinyozi mmoja alikuwa na mazoea ya kuacha soda na keki siku tatu kabla ya kliniki, ili sukari isome vizuri. Mama Dakika alimpongeza, akamtoa damu ya kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu, na majibu yalipotoka akamwita pamoja na mkewe. "Shemeji," alimwambia, "kidole chako kimenisimulia ya jana. Damu hii imenisimulia mengine." Mke alicheka mpaka akakaa chini. Njia ya mwongo ni fupi. Ya kinyozi huyo ilikuwa na urefu wa siku tatu.

Kisha ukaja mwaka wa virusi vya mapafu. Agizo lilitolewa: mlinzi apime joto langoni, mwenye homa apelekwe wodini, asiye na homa arudi nyumbani. Lilikuwa agizo lenye nia njema, na lilikuwa na kosa. Mama Dakika aliliona kabla yetu sote. Wazee wake wa kisukari walifika bila homa ya kutajika, sukari imepanda ghafla, pumzi fupifupi kama za mtu aliyetoka kupanda ngazi. Muuza mboga mmoja, mgonjwa wake wa miaka kumi na tisa, alirudishwa nyumbani Jumanne. Ijumaa alizikwa. Mama Dakika aliitia kadi yake ya kliniki katika mfuko wa sare, na haijatoka humo mpaka leo.

Katika kikao cha wiki hiyo alitueleza jambo hilo kwa lugha ya jikoni. Mwili uliokaa na sukari nyingi kwa miaka, alisema, ni jiko la mkaa lililofunikwa na majivu: juu kumetulia, chini kunawaka. Virusi vikiingia, ni sawa na kulimwagia mafuta ya taa. Kinga ya mwili, badala ya kumtoa mgeni na kutulia, hulipuka kupita kiasi na kuunguza mapafu ya mwenye nyumba. "Ninyi mnapima joto la majivu," alimalizia. Kikao kilimshukuru, kikaendelea na ajenda iliyofuata.

Kesho yake aliitoa meza ya chumba namba nne, meza ya mbao ngumu inayobebwa na watu wanne, akaiweka langoni, kando ya kibanda cha mlinzi. Juu yake aliweka mashine ya sukari, kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni, na ile saa ya ukutani, aliyoing'oa pamoja na msumari wake.

"Mama, nimeambiwa hapa hapawekwi meza," mlinzi alisema.

"Wewe umeambiwa, mwanangu. Meza haijaambiwa."

Wakati huo fundi cherehani mmoja, mwenye kisukari, alikuwa amekwisha kupimwa joto na kugeuka aende zake. Mama Dakika alimshika mkono. "Baba, nipe dakika moja tu." Pumzi zilikuwa thelathini na nne, sukari ishirini na tatu, oksijeni asilimia themanini na saba, zote tatu za hatari.

"Kipimo chako cha homa kimesemaje?" alimuuliza mlinzi.

"Kimesema arudi nyumbani, Mama."

"Haya. Sasa mpeleke wodini."

Mlinzi alikitazama kipimo, akamtazama fundi, akaenda kuleta kiti cha magurudumu. Fundi alilazwa siku ishirini na mbili, akatoka kwa miguu yake. Kitambaa cha buluu kilichoko juu ya meza hiyo amekishona yeye.

Siku tatu baadaye Mama Dakika aliandikiwa barua ya onyo kwa kuhamisha mali ya hospitali bila kibali na kukaidi agizo. Anayeandika wasifu huu ndiye aliyeiandika. Sarufi yake haikuwa na dosari, na hilo ndilo jema pekee linaloweza kusemwa juu yake. Mama Dakika alitia sahihi ya kuipokea, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Wiki sita baadaye agizo lilibadilishwa: kila mwenye kisukari apimwe sukari, oksijeni na pumzi langoni, awe na homa au asiwe nayo.

Mwezi huu utawala ulijitolea kuiondoa nakala ya barua hiyo katika faili lake, iwe zawadi ya kumuaga. Alikataa. "Iacheni," alisema. "Atakayekuja baada yangu ajue kwamba mtu anaweza kuandikiwa barua, na kesho yake akaja kazini."

Zimesikika pia fununu kwamba akishaondoka meza nayo itaondolewa, ili pale paegeshwe magari. Wauguzi wa kliniki wamekwisha kuandika zamu za meza hiyo hadi mwisho wa mwaka, na mlinzi ameomba jina lake liwemo.

Mama Dakika, asante kwa kila dakika uliyokataa kuigawa kwa nne. Nenda ukapumzike, upumue upendavyo, bila mtu wa kukuhesabia. Anayeitaka meza na aje na watu wanne wa kuibeba. Atatukuta tumeikalia.